Nguzo Moja ya Mapokezi

Jumatatu, 4 Machi
Mganga Mkuu wa kliniki ametangaza: mapokezi yatapata msimamizi wa kudumu. Nimekaimu kiti hicho miaka mitatu! Sasa anataka kwanza histogramu ya muda ambao wagonjwa hungoja dirishani. Mtu anaumwa jino, sisi tunachora nguzo. Kazi amepewa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, karani aliyesoma takwimu wiki sita na tangu hapo hashikiki.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kashinda mlangoni na saa mkononi. Kila mgonjwa, kijiti kimoja kwenye jedwali la marudio: waliongoja chini ya dakika kumi hapa, kumi hadi ishirini pale, hivyo hivyo mpaka hamsini. Nikamuuliza kwa nini nguzo za histogramu zinabanana. Eti dakika hufuatana bila pengo, kwa hiyo nguzo nazo hugusana. Nikamwambia watu wenye adabu huachiana nafasi. Akacheka. Hana haya.

Jumatano, 6 Machi
Jedwali nimelitoa kwenye droo yake alipokwenda kunywa chai. Nitaliwasilisha mimi. Lakini ona hujuma! Vijiti vinne vinne, kisha mstari wa mshazari umevikata. Kawafuta wagonjwa wangu! Chini ya dakika kumi kaniachia watatu tu. Jumla ya waliosalimika: kumi na watano, wengi wao wa kungoja mno. Sikubabaika. Nimeyaunganisha makundi yote: sifuri hadi hamsini, nguzo moja, pana kama mlango wa stoo. Nani atamwona aliyechelewa humo ndani?

Alhamisi, 7 Machi
Kikao. Mganga Mkuu akaikodolea macho nguzo yangu. Akauliza kama kweli siku nzima tulipokea watu kumi na watano, na kama ndivyo, makarani sita wanalipwa kwa kazi gani. Nikasema wengine walifutwa na mtu ninayemstahi kwa ajili ya mke wangu. Shemeji akalichukua jedwali lake mkononi mwangu.

“Shem, kijiti cha tano ndicho hukata vile vinne. Kila fungu ni watu watano. Jumla mia na ishirini, na sitini na watatu hawakufikisha dakika kumi. Kiti ulikuwa umeshakipata.”

Kapewa yeye. Mimi chumba cha kadi. Tangu lini kumkata mtu kukawa ndiko kumhesabu? Elimu ya siku hizi!

Jumatatu, 11 Machi
Shemeji kajitolea kunifundisha Jumamosi. Nimekataa, mwalimu hazaliwi kwa wiki sita. Isitoshe, nina langu. Mtunza dawa ameacha mezani kwake grafu yenye mstari unaopanda mpaka kona ya juu. Kichwa chake kinasema kitu kuhusu dawa zilizoisha muda wa matumizi. Nimekikata kwa mkasi, kilikuwa kinachafua karatasi. Kesho asubuhi nampelekea Mganga Mkuu, jina langu chini. Sijaona mtu aliyeangushwa na mstari unaopanda.