Mkono wa Kushoto Unyooke

Jumatatu, 3 Machi

Leo mipira yangu imekwenda kila mahali isipokuwa mbele. Wa kwanza kulia. Wa pili kushoto. Wa tatu bado unatafutwa. Wa nne umetua juu ya bati la chumba cha kubadilishia nguo, na mhudumu akatoka na taulo begani kuuliza nani anabisha hodi. Nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa vimefungwa vizuri.

Jumamosi ni mchujo. Timu ya vijana ya klabu ya gofu ina nafasi moja iliyobaki, na tunaoitaka ni wawili: mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi. Yeye wanamwita Rula, kwa sababu mipira yake hunyooka kama imepigiwa mstari. Mimi wananiita Konakona. Sihitaji kueleza.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka: sitaki kombe. Nataka benchi. Timu ina benchi lake kando ya ukuta wa mkahawa wa klabu, na mwenzao akifika, wengine husogea bila kuambiwa. Mimi shuleni nakula nimesimama karibu na bomba, najifanya nina haraka. Sijawahi kusogezewa nafasi na mtu.

Kocha amepita nyuma yangu, njiti mdomoni, akasema tatizo langu dogo tu: mkono wa kushoto unyooke, basi, mama, mengine yatajipa. Akaenda zake.

Mkono upi hasa? Kiingereza kina neno la kiganja na vidole, na neno jingine la kuanzia begani. Kiswahili kinasema mkono, kimemaliza. Ningeweza kumuuliza. Lakini watu walikuwepo! Nimeamua mwenyewe: kiganja. Kinyooke, na vidole vyake vyote.

Ndiyo maana nilikuwa nashindwa. Nilikuwa nashika.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ya siri sebuleni, kwa ufagio mrefu. Kulia nimeshika, kushoto nimenyoosha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakusema kwamba ulionyooka haukamati kitu.

Ufagio umenitoka, umepita juu ya kochi, umegonga pazia. Pazia limeanguka na chuma chake juu ya Baba, aliyekuwa amejilaza. Baba akauliza kama ni mwizi. Dada akamwambia hapana Baba, ni gofu. Baba akasema afadhali angekuwa mwizi, mwizi huondoka.

Hata hivyo ufagio ulikwenda moja kwa moja. Dalili njema.

Jumatano, 5 Machi

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nimejificha nyuma ya ua wa miti kumchungulia Rula. Nimegundua! Kabla ya kupiga anaimba puani. Kawimbo kadogo, halafu paa, mpira huo kwenye bendera.

Zamu yangu ikafika. Nikaimba puani. Nikanyoosha kiganja. Nikazungusha kwa nguvu zote.

Mpira ulibaki palepale. Fimbo ilikwenda. Ilijizungusha angani, ikameremeta, nzuri kwa kweli, ikazama dimbwini. Kocha akatoa njiti mdomoni akaniambia kwa upole kwamba kinachoruka ni mpira, mama, fimbo hubaki na mwenyewe. Akauliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Hakuna anayeelewa haraka kama mimi kwenye klabu ile.

Rula akavua viatu, akaingia majini, akaitoa. Akaniambia, binamu, kama ni samaki unatafuta si ungesema tukuletee ndoana? Benchi zima mbavu hawana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lililoniuma zaidi: aliipangusa fimbo kwa sketi yake kabla ya kunipa. Hata kumchukia vizuri hanipi nafasi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa! Kiganja hakikubali kunyooka chenyewe, kinahitaji kusaidiwa. Mti ukipinda, hufungiwa kijiti. Nimechukua mwiko wa Mama, ule mpana wa mbao, nimeufunga kiganjani kwa utepe wa nywele, na mpini wake nimeuficha ndani ya mkono wa sweta. (Na sweta nayo ina mkono! Lugha hii.)

Nilikuwa najaribu uani Mama alipotokea, sufuria jikoni inaungua. Akasema mwiko ni wa jikoni, na kuutoa jikoni ni mwiko. Akaucheka utani wake mwenyewe, akamwita Dada aje ausikie, akaurudia kwa Baba. Akasahau kuninyang'anya.

Nimepiga mmoja. Mpira umebingirika kidogo, ukasimama kwenye ndoo. Fimbo haikuruka. Maendeleo!

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hakuna mazoezi. Nimelala mchana na mwiko mkononi ili mkono uzoee. Nimeota benchi, ila lilikuwa refu sana na watu wote walikuwa upande wa pili.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Nilifika mapema, mwiko kiganjani, sweta mpaka vidoleni. Jua kali. Wenzangu wote fulana. Rula akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, kidogo. Akatoa chupa yake akanipa maji. Huyu mtoto!

Kocha akaeleza kwamba hatafuti mwenye nguvu. Anatafuta mtu ambaye mpira wake wa leo unafanana na wa jana. Rula akaanza. Kawimbo, paa. Kawimbo, paa. Mipira ikajipanga karibu na bendera kama wanafunzi mstarini. Mmoja tu ulipotoka.

Nikaitwa. Pale pale utepe ukalegea. Nikausikia mwiko unateleza, unapanda ndani ya sweta, mpaka ukakwama kwenye kiwiko. Kuutoa mbele ya watu? Bora nife. Kiganja kikabaki kitupu. Nikashika fimbo kama watu wengine, huku nimekata tamaa kabisa.

Nikazungusha. Kiwiko hakikukunjika, kingekunjika vipi? Paa!

Mbele.

Nikadhani ni bahati. Wa pili: mbele, pale pale. Wa tatu ukaugusa wa pili. Kocha akaacha kutafuna. Nikaanza hata kuimba puani. Nikaupiga wa mwisho kwa furaha, na mwiko ukachomoka shingoni mwa sweta, ukapaa, ukaanguka mbele yangu kwenye nyasi. Mpira wenyewe ulikuwa vichakani.

Kocha akaketi chini. Kwanza nilidhani anaumwa, kumbe anacheka. Alipopata pumzi akauokota mwiko, akanishika bega, akanionyesha: mkono ni huu wote, mama, toka hapa mpaka hapa, kiwiko kisikunjike tu! Akasema wiki nzima ameshangaa vile vidole vyangu, akadhani ni mtindo wa huko kwenye video za Kiingereza. Akauliza kwa nini sikumuuliza. Kuuliza si ujinga. Nikatikisa kichwa kukubali. Akanipa mpira mmoja nipige bila mwiko. Ulienda mbele, ukainama kulia kidogo kama unaomba radhi, ukasimama pazuri.

Nafasi ameipata Rula. Kwa haki.

Nikawa nakunja sweta niondoke. Kocha akasema subiri, timu haina mchezaji wa akiba, na wa akiba naye ni wa timu. Sikuelewa nifanye nini na miguu yangu. Rula akasogea. Wa pembeni yake naye akasogea. Nikakaa! Wakataka kuuona mwiko, ukapita mkono kwa mkono. Sasa wananiita Mwiko. Nimelipenda sana.

Jumapili, 9 Machi

Siku njema. Nimetafakari ya jana na nimeona wazi: siri ni mwiko. Nitautafuta wangu, mrefu zaidi.

Halafu kuna jambo jipya. Jana tukiagana, Kocha aliniambia nimebakiza kitu kimoja: mguu wa kulia usibanduke mapema. Mguu upi, wote au unyayo? Na mapema kabla ya nini? Nilitaka kumuuliza, lakini nilikuwa benchini, na pale nilipokaa palikuwa pazuri mno.

Nimelifikiria mwenyewe. Kitu hakibanduki kama hakijabandikwa. Neno lenyewe linajieleza! Dada ana gundi ya viatu, ya kopo, yenye picha ya ndovu. Nimejaribu barazani, kiatu kimoja, kabla ya kwenda nayo klabuni kesho. Inashika ajabu. Nimevuta, nimesukuma, nimezungusha ufagio: hakibanduki, si mapema wala baadaye.

Mama ananiita niende kula. Nimemjibu nakuja. Kamba za kiatu nazo zimeingia gundi, na mguu bado umo ndani, lakini umenyooka vizuri sana.