Foleni Ilipofutwa Bariadi

Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane, foleni ilifutwa rasmi mjini Bariadi. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti, ngoma ikapigwa, utepe ukakatwa, na wananchi waliotaka kushuhudia foleni ikifutwa wakapangwa mstari ili waingie mmoja mmoja.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kituo cha Usajili Bila Foleni, chini ya mradi wa jina hilohilo. Kazi yake ilikuwa moja na ya heshima: kumwezesha mwananchi kusajili kampuni yake ndogo kwa njia ya mtandao, akiwa popote, hata kitandani. Bango kubwa la bluu lilionyesha mama mmoja amejilaza kitandani, kompyuta mpakato ipo tumboni, anacheka. Mkuu wa Kituo, Bwana Kasmiri Ndaki, alilipenda sana bango hilo. Alilitundika koridoni, juu ya benchi.

Benchi lilikuwa nje ya Chumba Namba Nne, ofisi yake Kasmiri. Kwa kuwa foleni haikuwepo tena, waliokaa hapo hawakuwa kwenye foleni. Waraka Namba Moja, ambao Kasmiri aliuandika mwenyewe kwa siku mbili bila kula mchana, ulifafanua kwamba aliyekaa kwenye benchi anahesabiwa yupo mtandaoni. Aliyetoka kwenda kunywa chai anahesabiwa ametoka kwenye mfumo, na akirudi anaanza upya, mwisho kabisa wa mtandao. Mlinzi, mzee Ngeleja, alipewa daftari aandike kila asubuhi nani yupo mtandaoni, na kila jioni Kasmiri alilipitia na kuligonga mhuri. Aliuamini mhuri kama wengine wanavyoiamini mvua.

Siku ya tatu waliingia wanawake wawili kutoka Dutwa. Mkubwa aliitwa Nyanjige, mjane wa marehemu Maganga. Mwenzake aliitwa Kwandu, naye mjane wa marehemu Maganga.

"Mwangaluka, baba," Nyanjige alisalimia, akipiga goti kidogo.

Kasmiri ni mzaliwa wa Kalemela, Usukumani, na hata ndoto zake zilikuwa za Kisukuma. Lakini ofisi ni ofisi. "Habari ya asubuhi, wateja," akajibu.

Nyanjige alieleza shida yao bila kuzunguka. Walikuwa na magunia sitini ya michembe, viazi vitamu walivyovilima wenyewe, wakavikata vipande na kuvianika juani mpaka vikalia kama kokoto. Mnunuzi wa Mwanza aliyataka yote. Ila hanunui kwa mtu, ananunua kwa kampuni, na cheti cha kampuni akione kabla mwezi wa tisa haujaisha.

"Mvua ikitukuta nayo ndani, baba, inaota ukungu, tunawamwagia ng'ombe," alisema. "Na karo ya watoto saba iko kwenye magunia hayo. Binti yangu Flora anasema hata kwenye simu tungejisajili, tukiwa nyumbani."

"Amesema kweli kabisa," Kasmiri alijibu, kifua kikimpanda. "Usajili ukiwa nyumbani unaruhusiwa. Kinachotakiwa ni Kibali cha Kujisajili Ukiwa Nyumbani."

"Kinatolewa wapi?"

"Hapahapa. Unafika mwenyewe."

Wanawake wakatazamana. Kwandu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akaliangalia lile bango la mama aliyelala, akaketi mtandaoni.

Wakazoea. Kila asubuhi walipanda basi Dutwa, na saa mbili kamili mzee Ngeleja alikuwa ameshawaandika. Kwa kuwa mtu wa mtandaoni haruhusiwi kwenda kula, Kwandu alianza kubeba michembe ya kuchemsha iliyochanganywa na karanga, na kwa kuwa wenzao wa mtandaoni nao walikuwa na matumbo, alianza kuwauzia kwa kikombe. Wiki ya pili alileta na mizani. Kasmiri hakuona kosa. Waraka ulikataza kutoka, haukukataza kupima. Naye saa nne alizoea kuletewa kisahani, akala na chai yake ya maziwa, akakiri moyoni kwamba serikali zote mbili, ya mwili na ya roho, zimetulia.

Maombi nayo yalisonga, taratibu lakini kwa umakini. Jina walilotaka ni Wake wa Maganga Michembe Limited. Kasmiri akavua miwani.

"Huyu Maganga ametajwa kwenye jina. Lazima alete barua kwamba hana pingamizi."

"Alishafariki, baba. Mwaka wa sita huu."

"Poleni sana. Barua inabaki palepale."

"Tangu tumzike," alisema Kwandu, "hajapinga kitu chochote."

Kasmiri alilipima jambo hilo kwa haki, akaandika: *Mhusika amepewa miaka sita, hajawasilisha pingamizi.* Akagonga mhuri. Kwenye sehemu ya uhusiano wa wanahisa, Nyanjige alitamka "wake wenza" bila aibu. Mfumo haukuwa na neno hilo. Kasmiri akachagua lililokaribia, "wabia wa kimkakati," na Nyanjige aliposomewa maana yake alisema ndiyo hasa, mkakati ulikuwa wa marehemu.

Kisha wakafika kwenye anwani, na hapo gari likakwama.

Fomu ilitaka mahali ilipo ofisi ya kampuni, na pembeni palikuwa na nyota nyekundu. Nyota nyekundu, Kasmiri aliwaeleza, haina msamaha. Alitaka jina la jengo na namba ya chumba.

"Sisi hatuna vyumba vya namba," alisema Nyanjige. "Ukishuka Dutwa unauliza kwa Maganga. Hata mbwa wa pale stendi anakufikisha."

"Mfumo haumjui mbwa, mama."

"Basi uandike, kwenye ua wa minyaa, nyumba ya tatu, yenye zizi."

"Mfumo haujui minyaa."

Waliambiwa wakatafute namba. Mwenyekiti wa kitongoji akasema eneo halijapimwa. Waliotakiwa kupima wakasema watapima wakipata mafuta ya gari. Wakarudi kwenye benchi. Mwezi wa nane ukaisha. Mwezi wa tisa ukafika katikati, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Serengeti, na Nyanjige akaanza kuyatazama dirishani kwa namna iliyomfanya Kasmiri apoteze hamu ya kisahani chake. Si kwamba hakuwa na huruma. Alikuwa nayo, tele. Haikuwa na sehemu yake kwenye fomu, basi.

Jumatatu moja ikaingia barua. Mkaguzi wa mradi, Bi. Violeth Josia, atafika Alhamisi ya wiki inayofuata kujionea mafanikio. Kasmiri akafungua takwimu zake. Wateja waliohudumiwa: elfu moja mia moja na kumi na wanne. Walioridhika: wote. Kampuni zilizosajiliwa: sifuri.

Sifuri ni namba halali, lakini haipendezi kwenye grafu.

Alirudi kwenye Waraka Namba Moja, akausoma kama mtu anayetafuta sindano kwenye pamba. Ukurasa wa tisa akaipata, kwa mkono wake mwenyewe: *Ofisi ya kampuni ni mahali ambapo wakurugenzi wake hupatikana saa za kazi.* Akaita daftari la mzee Ngeleja. Nyanjige na Kwandu walipatikana wapi saa za kazi? Kwenye benchi la Kituo, siku thelathini na moja, kila siku kwa mhuri wake. Biashara waliifanyia wapi? Hapohapo, na mizani wanayo. Ushahidi gani unazidi huo?

Benchi halikuwa na namba. Katika korido nzima, mlango mmoja tu ulikuwa na namba, na mfumo unataka namba. Kasmiri hakusita. Mtu wa maamuzi hasiti. Akaandika: *Jengo la Kituo cha Usajili Bila Foleni, Bariadi, Chumba Namba Nne.* Nyota nyekundu ikazimika. Siku ya tatu cheti kikatoka kwenye mashine, bado kina joto.

Nyanjige alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke asiyelia hovyo, na siku hiyo alilia. "Wabeja, baba," akashukuru. "Wabeja sana." Kasmiri akawasomea ule ukurasa wa tisa, akasema huo ndio wajibu wa Kituo, akaomba wapige picha, wote watatu, chini ya bango.

Alhamisi ya ukaguzi Kasmiri alifika saa moja na nusu, suti imenyooshwa, na mlango wa ofisi yake haukufunguka. Alisukuma kwa bega. Ulifunguka kiasi cha sikio, na harufu ya viazi vikavu ikatoka kumpokea. Magunia yalikuwa yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Meza yake ilikuwa imesogezwa ukutani, na juu yake kulikuwa na mizani.

"Ngeleja! Nani ameruhusu haya?"

"Wewe, bosi," alijibu mlinzi, akainua nakala ya cheti. "Wamenionyesha. Anwani ni hii, na mhuri ni wako. Ningemzuiaje mtu kuingia kwake?"

Nyanjige akachomoza nyuma ya magunia, kajifunga khanga kiunoni. "Mwangaluka, baba. Utuwie radhi kwa kubanana. Mnunuzi amesaini, na mkataba unasema mzigo unapakiliwa kwenye ofisi ya kampuni iliyoandikwa kwenye cheti. Lori liko njiani. Tungelipeleka Dutwa, mkataba ungevunjika."

Kasmiri alifungua mdomo, na ndipo Bi. Violeth alipoingia koridoni na kishikwambi mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, aliyeheshimu taratibu kuliko hata Kasmiri, jambo ambalo hadi siku hiyo Kasmiri aliliona kuwa sifa.

"Mwenye ofisi hii ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, mheshimiwa. Karibu sana, samahani kwa—"

"Subiri." Akagusa kishikwambi. "Mfumo unasema Chumba Namba Nne ni ofisi ya Wake wa Maganga Michembe Limited. Wewe ni mkurugenzi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Mwanahisa?"

"Hapana."

"Mke wa Maganga?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Sasa unafanya nini kwenye ofisi ya watu?"

Kasmiri alieleza kuhusu Kituo. Bi. Violeth alitafuta Kituo kwenye mfumo, juu mpaka chini, hakukiona. Kumbe anwani ya Kituo haikuwahi kuingizwa, kwa sababu fomu yake ilitaka sahihi ya mkuu wa kituo ambacho anwani yake imeshaingizwa. Jalada lilikuwepo, alisema Kasmiri, tena lilikamilika vizuri sana. Lilikuwa kwenye droo, nyuma ya gunia la arobaini.

"Mama," Kasmiri alimgeukia Nyanjige, sauti imelainika, "tubadilishe tu anwani. Ni dakika mbili."

"Sisi hatuna pingamizi, baba. Ila wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ofisi ni mahali mkurugenzi anapopatikana saa za kazi. Tukiondoka hapa, si tutakuwa tumesema uongo kwenye cheti?"

"Huyu mama anaijua sheria," alisema Bi. Violeth, akaandika jambo. "Kampuni moja iliyosajiliwa, inafanya kazi, ina mzigo na ina soko. Hongereni. Haya ndiyo mafanikio tuliyoyafuata." Kisha akamtazama Kasmiri bila ubaya wowote. "Wewe peleka maombi ya kutumia chumba. Kwa utaratibu."

"Yanapelekwa kwa nani?"

"Kwa mwenye chumba."

Saa sita lori likafika, likapakia magunia yote sitini mbele ya mkaguzi, na likaondoka kuelekea Mwanza dakika kumi kabla ya tone la kwanza la mvua. Wanawake wale walisimama barazani wakalitazama mpaka likapotea. Kwandu alicheka peke yake kwa muda mrefu, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

Ijumaa asubuhi Kasmiri alifika na barua yake ya maombi. Chumba Namba Nne sasa kilikuwa kimefagiwa, na Nyanjige alikuwa amekaa nyuma ya meza akiandika hesabu ya viazi vya msimu ujao.

"Mwangaluka, mayu," alisema Kasmiri. Kisukuma kilimtoka chenyewe, pamoja na kumwita mama.

"Mwangaluka, baba. Mhola?" Nyanjige alimjulia hali.

"Mhola duhu. Nimeleta maombi." Akasita kidogo. "Au nikuletee kwa simu tu, nikiwa nyumbani?"

Nyanjige alifikiri kwa haki kabisa. "Inaruhusiwa," akasema. "Ila uwe na kile kibali."

Kasmiri hakuuliza kinatolewa wapi. Alitoka koridoni, akaketi kwenye benchi, chini ya mama aliyelala anacheka. Kufika saa nne tumbo likaanza kumkumbusha kisahani chake. Alinyanyuka nusu, macho yakielekea kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, na mzee Ngeleja akakohoa.

"Ukitoka, bosi, umetoka kwenye mfumo."

Kasmiri akarudi chini polepole. Mlinzi akalowesha kidole, akafunua ukurasa mpya wa daftari, na akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: Kasmiri Ndaki. Yupo mtandaoni.