Jina la Mlangoni mwa Karakana ya Anga

Jumatatu, 12 Januari

Siku ya utukufu wangu imetangazwa. Ni Ijumaa hii!

Solbritt, mwalimu mkuu wetu, alitupa habari wakati wa kahawa. Ristin Sarri anakuja. Alisoma hapa hapa Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi, mtoto wa wafugaji wa kulungu wa theluji, na sasa ni injinia. Ndiye aliyebuni mtambo wa kufungua parashuti roketi zinaporudi kutoka juu. Chombo chake kingine kinakwenda mwezini. Anakuja kufungua Karakana ya Anga, chumba kipya ambamo wanafunzi watajifunza kuunda roketi ndogo.

Kisha lile kubwa. Karakana itapewa jina la mwalimu aliyemfanya Ristin aipende kazi hii. Jina atalitaja mwenyewe jukwaani. Kwa sasa hakuna anayelijua.

Hakuna anayelijua! Nilipaliwa na kahawa. Nani alimfundisha fizikia? Mimi, Sixten Rautio, miaka thelathini na moja mbele ya ubao. Nani alimchorea sayari zote na njia zake kwa chaki za rangi? Mimi. Wenzangu walimfundisha kuoka mikate na kuogelea.

Mwenyewe niliomba kazi kwenye uwanja wa kurushia roketi, ule wa nje ya mji, mara tatu. Mara tatu wakanijibu kwa adabu sana. Basi jina mlangoni ndiyo haki yangu, tena imechelewa.

Nilimwonea huruma Göte Palo, mwalimu wa useremala na vyuma. Alikaa na ugoro wake chini ya mdomo wa juu, anatazama theluji. Digrii hana. Kidole gumba cha kushoto anacho nusu, nusu nyingine ilibaki kwenye msumeno. Nikamwambia asijisikie mnyonge siku hiyo, kila kazi ina heshima yake. Akajibu, "Asante, bwana Sixten." Maskini. Hata hakuelewa.

Jumanne, 13 Januari

Nimepima mlango wa karakana. Nimeagiza kibao cha shaba, SIXTEN RAUTIO, herufi nzito. Fundi akaniuliza kama ni cha kaburi. Watu wengine hawana haya.

Mke wangu Gunvor alikuwa anamenya viazi nilipomweleza. Akauliza itakuwaje Ristin akimtaja mtu mwingine. Nikamuuliza mtu mwingine gani. Akaendelea kumenya viazi.

Jioni nimetunga hotuba ya kushukuru. Kurasa sita. Nitaanza kwa kusema sikutarajia.

Alhamisi, 15 Januari

Hatari! Solbritt amemtuma Göte akampokee Ristin uwanja wa ndege kesho, kwa kuwa gari lake halijawahi kugoma kwenye baridi. Njia nzima watakuwa wawili peke yao. Göte si msemaji, lakini watu wasiosema ndio wa kuogopwa. Neno moja tu, "Tutafurahi ukilitaja jina langu," na kazi yangu yote imekwisha.

Nilimwendea Solbritt. Nikamwambia mgeni wa hadhi ile anastahili kupokewa na msomi. Akasema, "Sixten, ni kwenda kumchukua mtu tu. Acha."

Siachi. Nimepata njia. Kesho watabiri wamesema nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Kila gari pale shuleni huchomekwa waya wa umeme kwenye nguzo yake ili injini isigande. Waya ukichomoka saa moja asubuhi, saa nne gari ni jiwe. Na hapo nani atajitolea kwa gari lake zuri, lenye joto? Nimelala usingizi wa mtoto mchanga mchana huu.

Ijumaa, 16 Januari

Siwezi kuandika leo.

Jumamosi, 17 Januari

Leo naandika. Lazima ukweli ubaki mahali fulani.

Saa moja asubuhi giza lilikuwa bado nene, barafu imefunika kila kitu. Magari yote meupe, nyaya zote nyeupe. Nikahesabu nguzo kutoka mlangoni, nikachomoa waya wa Göte, nikaenda kufundisha nguvu ya uvutano nikiwa na furaha ambayo darasa halikuizoea.

Saa nne Göte akatoka. Nilikuwa dirishani. Akawasha gari. Likaitika mara moja, kama mbwa aliyeitwa jina lake!

Nilishuka ngazi mbilimbili. Nikaingia kwenye gari langu nimuwahi njiani. Likakohoa mara moja. Likanyamaza. Nikageuza ufunguo tena na tena, nikalitukana, nikalibembeleza. Kisha kioo kikagongwa. Ni Göte, ameshika waya.

"Bwana Sixten, waya wako umechomoka. Watoto hao. Ingia kwangu, twende wote."

Nilihesabu nguzo vibaya. Lakini nilimshukuru Mungu, maana nilikuwa ndani ya safari.

Ristin alitoka na begi dogo na kofia ya sufu. Amekuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba, uso wa mama yake. Alimkumbatia Göte mpaka ugoro ukamtoka. Mimi akanipa mkono.

"Mwalimu Sixten! Kumbe bado unafundisha?"

Nikamwambia sijui kuacha. Nikakaa nyuma na begi lake magotini. Wao mbele wakawa wanaongea habari za tupa na jiliwa na mashine ya kukerezea, kama wauza vyuma chakavu. Niliposikia upenyo nikaingia. Nikamuuliza kama anazikumbuka zile sayari nilizomchorea.

Akageuka. "Mwalimu, wewe nakumbuka kila neno lako."

Kila neno! Nilikiminya kibao mfukoni kwa furaha.

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mstari wa kwanza. Ristin alianza vizuri, akawaeleza watoto kwamba roketi haipandishwi na wajuzi wa hesabu peke yao. Kuna wachomeleaji, washonaji wa parashuti, wapishi, wachora ramani, hata wa kufagia theluji njiani. Kisha akafunua karatasi ya zamani.

"Hii ni ripoti yangu ya fizikia nikiwa na miaka kumi na mitano," akasema. "Nawasomea. 'Ristin anaota ndoto dirishani. Kichwa cha hesabu hana. Apelekwe kwenye kazi za mikono.'"

Watoto wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti! Nikajiuliza ni mpumbavu gani aliyeandika vile. Nilipogeuka nikaona Solbritt ananitazama. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa miaka thelathini na moja shule hii imekuwa na mwalimu mmoja tu wa fizikia.

Ristin hakutaja mtu. Akaendelea. "Basi nikapelekwa kwenye kazi za mikono. Huko nikamkuta mwalimu aliyeniuliza, 'Unaota nini?' Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikamwambia roketi. Akasema, 'Haya, lete tupa, tuanze.' Tulianza na bomba la mabati. Lililipuka. Akasema, 'Safi, sasa tunajua jambo moja.' Mwalimu huyo yumo humu ndani, na namwomba asimame."

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nimeshasimama. Niliposikia "mwalimu huyo yumo humu" miguu iliamka yenyewe. Ukumbi mzima ukamwangalia Göte, mstari wa nyuma, amekuwa mwekundu kama nyanya, na mbele kabisa nimesimama mimi, mkono mmoja mfukoni, mwingine umeshika hotuba ya kurasa sita. Nikafanya lililobaki. Nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na jirani yangu akaninong'oneza kwamba nina moyo mkubwa.

Wakati wa kahawa nilimfuata Ristin. Nikamwambia kumbukumbu za utotoni huwa zinapotoka. Akanipa karatasi niione. Mwandiko ni wangu.

"Mimi sina hasira, mwalimu," akasema. "Mama ndiye aliyelia. Alikuwa ameuza kulungu wawili aninunulie darubini. Aliposoma haya akairudisha kwenye sanduku lake, akanambia tusijidanganye."

Nikamwambia la maana ni kwamba amefika.

"Mimi nimefika. Tulikuwa ishirini na sita. Wale wengine uliwaandikia nini?"

Sikukumbuka. Mtu hawezi kukumbuka yote. Akaweka kikombe, akaenda na Göte kuitazama mashine mpya.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Gunvor aliniambia jambo moja tu, kwamba ningemwomba Ristin msamaha. Msamaha wa nini? Nimefikiri leo kutwa nzima na jibu ni hili. Bila ripoti ile asingekwenda karakana. Bila karakana asingeshika tupa. Bila tupa, hakuna parashuti. Nani basi alimfanya injinia? Nimemwandikia Solbritt barua nikiomba majina mawili mlangoni. La kwangu juu, kwa kufuata tarehe.

Jumatano, 21 Januari

Barua haijajibiwa. Kibao cha Göte kimeshatundikwa. Ni cha mbao, amekichonga mwenyewe, na wala hakuandika jina lake lote. "Palo" tu. Unyenyekevu wa kujionyesha!

Ristin ameacha nafasi nne za wanafunzi kwenda kufanya kazi kwenye uwanja wa roketi kipindi cha kiangazi. Leo Aili Niva alikuja na fomu. Ana miaka kumi na sita, kucha zina mafuta ya pikipiki, na ndiye mwanafunzi bora wa fizikia niliyempata kwa miaka kumi. Akasema fomu inataka maneno ya mwalimu wa fizikia. Akasema, "Tafadhali, mwalimu, hii ndiyo ninayoitaka kuliko zote."

Nilikaa na karatasi ile saa nzima. Nakiri mkono ulitaka kuandika ukweli. Msichana huyu ananizidi. Juzi alinisahihisha ubaoni na alikuwa sahihi. Lakini ukweli utamfikisha wapi? Ristin nilimwandikia maneno makali na leo chombo chake kinakwenda mwezini. Sifa huwalegeza watoto.

Nimeandika: "Aili anaota ndoto. Kichwa hana. Apelekwe kwenye kazi za mikono." Nimefunga bahasha. Imeniuma, lakini ualimu ni kujitoa. Atanishukuru.

Alhamisi, 29 Januari

Nimeitwa ofisini. Nilivaa tai, nikidhani ni habari ya mlango.

Solbritt alikuwa ameiweka mezani barua yangu kuhusu Aili. Msichana mwenyewe alikuwa ameifungua bahasha na kumpelekea. Hakupaza sauti, angepaza ingekuwa afadhali. Aliniuliza kama hayo ndiyo maoni yangu. Nikasema la, maoni yangu ni kwamba msichana ana kipaji kikubwa sana. Akaniuliza kwa nini basi sikuandika hivyo. Nikamweleza mbinu yangu tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mfano.

Aliikunja barua ile polepole. Kisha akasema, "Sixten, mtoto angeweza kukuamini." Macho yalikuwa yamemlowa. Kazi ya uongozi inachosha.

Kuanzia sasa barua zote za kuwaombea wanafunzi nafasi ataandika Göte. Göte! Hata tahajia ya "fizikia" ana shaka nayo. Na madarasa yangu ya juu yanachukuliwa na binti mmoja kutoka Luleå, ana miaka ishirini na minane. Mimi napewa darasa la saba.

Gunvor amepika madonge ya viazi na nyama, chakula ninachokipenda. Hakula. Alisema anakwenda kwa dada yake wiki moja, kisha akasema labda mbili.

Jumanne, 10 Februari

Majina yamebandikwa. Aili Niva ni wa kwanza kati ya wanne!

Wote wanamsifu Göte na barua yake ya mistari mitatu. Hakuna hata mmoja anayesema kwamba msichana aliiona barua yangu kwanza, akalia chooni, kisha akafanya mtihani wa uwanja wa roketi kwa hasira mpaka akawapita wavulana wa mji mzima. Nimewafanyia jaribio watoto wawili, na wawili wamefika. Kuna mwanasayansi gani mwenye matokeo kama hayo?

Nilikutana na Aili ukumbini. Nikampa hongera. Aliniangalia mpaka nikayainamisha macho mwenyewe, kisha akapita bila salamu. Ristin naye alianza hivyohivyo.

Sasa nina watoto ishirini na wanne wa darasa la saba. Wadogo, wana macho makubwa, wananiuliza kama nyota huchoka. Ripoti zao bado naandika mimi, na zinatakiwa Ijumaa. Sitamwonea huruma hata mmoja.