Fisi wa Mama Aingia Redioni

Jumatatu, 3 Machi
Redio ya mtaa inakusanya ngano za wazee. Atachaguliwa msimulizi mmoja tu, sauti yake ihifadhiwe, kisha apigwe filamu. Ngano ya fisi na kisima ni ya mama yangu mzazi. Basi sauti itakuwa yangu. Nimefundisha ufasaha miaka thelathini na miwili!

Kikwazo ni shemeji, fundi cherehani, mjane wa kaka. Ndiye aliyemuuguza mama, naye anadai ngano alirithishwa yeye. Husimulia huku akicheka! Nimemwambia usaili ni Alhamisi. Ukweli ni Jumatano. Akanishukuru sana.

Jumatano, 5 Machi
Studio ni chumba chenye magodoro ukutani. Tulikuwa wawili, mimi na mtangazaji. Taa nyekundu ikawaka: tuko hewani, moja kwa moja. Nikasema: Paukwa! Kimya. Nikarudia. Kimya. Mtangazaji akanipungia mkono niendelee. Niendelee vipi? Mama hakuanza ngano kabla ya kuitikiwa Pakawa, hata siku moja. Nikasubiri. Dakika mbili nzima, hewani! Wakaweka tangazo la sabuni. Kinyozi ameniuliza kama nilisinzia. Fidhuli!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Usaili umeongezwa siku, kwa kuwa jana hakupatikana mtu. Shemeji akafika leo, kama nilivyomwelekeza, pamoja na wateja sita wanaomdai nguo zao. Akasema Paukwa. Wakaitikia mpaka kioo kikatetemeka. Amechaguliwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemsikiliza nikiwa kwa kinyozi, ili nihesabu makosa. Nilipata manne. Kisha fisi akakohoa kisimani. Kikohozi kile kile cha mama! Mkasi wa kinyozi ukasimama. Macho yangu yakalowa. Ni nywele, ziliingia.

Jioni shemeji akaja. Akasema, shemeji wangu, Jumapili saa nne tunapigwa filamu, njoo uwe mwitikiaji wa kwanza, mama angefurahi. Nikamwambia nitafikiri.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefikiri. Nimemwarifu shemeji kwamba saa imesogezwa: aje saa sita, yeye na waitikiaji wake wote. Mpiga picha atafika saa nne. Mimi nitakuwa pale tangu saa tatu, koti limepigwa pasi. Chumba kizima kitakuwa changu, bila mtu wa kunikatiza. Nimekwisha kufanya mazoezi mbele ya kioo. Nasema Paukwa, kisha nasubiri.