Sangara Aliyenipeleka Makambini

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nikiri hapa kwanza, maana sijawahi kumwambia mtu: naogopa maji. Mimi, Victor Ojwang, mjukuu wa mvuvi, nimezaliwa hatua mia mbili kutoka ziwani na sijawahi kuzamisha kichwa hata kwenye beseni. Ndiyo maana sijabatizwa. Darasa la ubatizo nimemaliza, maswali yote nimepata. Lakini sisi Wasabato hatunyunyiziwi. Tunazamishwa mzima mzima! Mara mbili siku imefika, mara mbili tumbo limeniuma.

Sasa Babu Obiero anakuja kutoka Shirati kwa ajili ya makambi, mikutano mikubwa ya kanisa letu, na Jumamosi watu watabatizwa ghubani. Ataniuliza. Dawa ninayo. Mwezi uliopita nilimwandikia kwa simu ya mama kwamba siku hizi navua sangara. (Uongo.) Nikimwonyesha sangara mkubwa, atasahau ubatizo. Mvuvi ni mvuvi.

Jumanne, 10 Juni

Kitabu cha maktaba kimeniokoa. Huko ng'ambo watu huvua wakiwa wamekaa ndani ya tyubu. Miguu majini, kichwa kikavu!

Nilikwenda kwa Mzee Mayala, fundi pancha wa njia panda. Nikamwamkia, nikaomba tyubu ya lori. Akauliza ya kazi gani. Nikasema ya somo la fizikia. Akanipa yenye viraka vinne, akasema niiombee.

Nimeshona kiti cha kiroba. Mapezi nimekata kwenye dumu la mafuta ya kupikia, nikayafunga kwenye viatu vyangu vya plastiki, yeboyebo. Kitabu kinasema ukiwa kwenye tyubu unapiga miguu na kwenda kinyumenyume. Nilifanya mazoezi uani, kutoka jikoni hadi banda la kuku. Mama aliuliza kama nimemeza dawa ya minyoo mwaka huu.

Jumatano, 11 Juni

Nilipofika ziwani, jirani yetu Nestory alikuwa ameshakaa kwenye jiwe lake. Hajasoma hata ukurasa mmoja kuhusu uvuvi, na kila siku anarudi na sato. Haki iko wapi? Aliponiona alicheka mpaka akakalia chambo chake.

"Profesa, hilo yai utalitamia mpaka lini?"

(Jibu zuri nililipata saa mbili baadaye, nikiwa nyumbani.) Nilijifunga kamba kwenye jiwe, nikaelea dakika arobaini. Sikuzama! Fizikia ni ya kweli.

Samaki: hakuna. Nilisahau chambo.

Alhamisi, 12 Juni

USHINDI! Nilitia furu, kisamaki kidogo kilicho hai, kwenye ndoano na nikapata samaki mrefu kama mkono wangu. Nilipita nyumba zote za mtaa nikiimba.

Mlangoni dada yangu Amondi alimtazama samaki, akanitazama mimi, akauliza magamba yako wapi.

Kambale. Kambale hana magamba! Nyumbani kwetu kisicho na magamba hakipiti hata kizingiti. Somo la vyakula najisi nilipata mia kwa mia, na nimebeba najisi mtaa mzima kwa wimbo.

Ilibidi nimpe Nestory. Wao ni Wakatoliki. Harufu ya mchuzi iliingia dirishani jioni nzima. Amekuja kushukuru, akaomba nimvulie na kesho.

Ijumaa, 13 Juni

Kiraka cha tatu kimeachia. Mzee Mayala alikibandika upya, akauliza fizikia imefika sura ya ngapi. Niliporudi jua limezama, Sabato imeingia, na Babu ameingia nayo. Aliuliza mambo mawili: sangara yuko wapi, na ubatizo wangu ni lini. Nilijibu swali moja tu. Nilisema sangara ni kesho jioni, jua likishazama na Sabato ikiisha.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi tumbo liliniuma. Mama amelizoea. Aliniachia uji, wakaenda makambini.

Mpango: kuvua mapema, kumfunga samaki majini, kumtoa jioni. Nilivaa shati jeupe la shule, rangi ya mawingu, ili samaki asinione. Mshipi nikaufunga kwenye kifundo cha mkono.

Saa nne akameza. Sangara! Akavuta, kamba ya jiwe ikakatika, nikaondoka. Nilikwenda mbele! Kitabu hakikusema lolote kuhusu kwenda mbele.

"Profesa, funga breki!" alipiga kelele Nestory, akikimbia ufukweni.

Tukalizunguka jabali, tukaingia ghubani. Nikasikia kwaya. Nilidhani nimekufa. Hapo kiraka cha tatu kikaachia tena, tyubu ikanywea, miguu ikagusa mchanga. Nikajikuta mwisho wa foleni ya ubatizo.

Mchungaji Chenge aliniona: shati jeupe, nimelowa, natetemeka. Akatangaza kwa furaha kwamba Victor Ojwang amefika, na tumbo limeshindwa. Mama alisimama. Babu alivua kofia. Nilitaka kueleza habari za samaki, lakini mbele ya watu mia tatu siwezi kutamka hata jina langu. Mchungaji akaniziba pua, akanizamisha.

Chini kulikuwa kijani na kimya. Nilifumbua macho. Sangara alikuwa ananitazama. Sikuogopa.

Nilipoibuka, naye aliruka. Kwaya ilisahau ubeti.

Babu aliingia majini na viatu vyake vya ibada, akamshika sangara, akamchomoa ndoano. Nikamnong'oneza kwamba nilivunja Sabato, nilikuwa navua. Akasema hapana, mjukuu wangu, wewe hukuvua. Umevuliwa.

"Babu, usimwachie, huyo ni kilo kumi!" Nestory alilia.

Babu alimjibu kwamba kwao Shirati mwinjilisti haliwi. Akamwachia. Nestory alikaa chini, kwenye maji.

Jumapili, 15 Juni

Nimekuwa mtu maarufu! Kila anayesimulia anamrefusha sangara. Kufikia saa sita alikuwa amenizidi kimo. Mama aliniwekea mezani uji wa jana, akasimama hapo mpaka nikaumaliza.

Babu aliuliza nimejifunzia wapi kutulia majini vile. Hapo ningeweza kusema ukweli. Nilisema huogelea kila asubuhi kabla ya shule. Alifurahi mno. Akasema basi Desemba niende Shirati nikawafundishe kuogelea wajukuu wake wengine, kumi na mmoja. Nikasema hakuna shida.

Alipolala mchana nilikwenda kwa Mzee Mayala kuomba tyubu kumi na mbili. Akauliza kama ni fizikia tena. Nikasema safari hii ni ualimu. Alikuwa nazo tatu. Nilizivingirisha hadi nyumbani, moja baada ya nyingine, nikazificha nyuma ya banda la kuku.