Nyumba Isiyokandikwa

Alhamisi, 2 Agosti 1951

Nyumba ya nusu pipa: mbavu za chuma zilizopindwa, zikavikwa mabati ya mawimbi na kukazwa kwa nati, pasipo udongo, fito wala fundi. Mhandisi wa jeshi la Waingereza aliibuni katika Vita vya Kwanza ili askari wapate paa upesi. Siku hizi ni bohari, zahanati, hata kanisa. Sasa itakuwa makazi ya mwalimu mstaafu, Mtanda, Lindi. Mradi wa karanga wa Waingereza umekufa na mabaki yake yanatolewa; vipande vya nyumba yake moja vimeshushwa na lori uani kwangu. Vyote vina namba!

Sababu ni Justa, mke wangu. Mwezi wa tano alirudi kwa kaka yake Newala, akisema amechoka na nyumba inayovuja na ambayo hakuna anayepiga hodi. Nimeshughulikia kuvuja, kwa kuwa ndiko kunakopimika. Anakuja Jumatano kutazama.

Jirani yangu Bakary, naye anajenga, aliuliza siku yangu ya kukandika ni lini, watu wajipange. Nikamweleza kwamba chuma hakikandikwi. Akauliza, sasa Mwalimu, sisi tutashika nini? Nikamjibu: hakuna. Alinitazama kama anavyotazamwa mgonjwa.

Jumamosi, 4 Agosti

Karatasi ya maelekezo: watu sita, kazi ya saa nne. Kwa hiyo mtu mmoja, saa ishirini na nne. Hesabu haina dosari. Niliinua ubavu wa kwanza, nikaenda kuinua wa pili. Wa kwanza ukaanguka. Mara saba!

Kwa Bakary watu kumi na watatu walikuwa wakikandika na kuimba, matope hadi kwenye nyusi. Sada, mkewe, alipaza sauti juu ya ua: "Mwalimu, hilo dude linakuchezesha ngoma peke yako! Tuje?" Nilimshukuru, nikamjulisha kwamba bado nina saa kumi na tisa. Akaniletea ugali wa muhogo na samaki. Nilikula nimesimama, mkono mmoja ukiwa umeshikilia ubavu.

Jumatatu, 6 Agosti

Ushindi! Nilifunga kamba kwenye mnazi, nikauhesabu kuwa watu watano. Nyumba imesimama. Saa nane mchana mshumaa mezani uliinama wenyewe, bila kuwashwa.

Hakuna aliyekuja kutazama. Huku aliyekandika ukuta huhesabiwa mtu wa nyumbani. Hupita wakati wowote kuona alama ya kiganja chake ilivyokauka. Kwangu hakuna alama. Nilijipigia hodi mwenyewe, kupima mlio. Mlio ni mzuri.

Jumatano, 8 Agosti

Justa ameshuka na lori la asubuhi. Aligusa bati, akaondoa mkono upesi. Kuhusu mvua hakuuliza. Aliuliza nani amenisaidia. Nikasema kwa fahari: hakuna hata mmoja. Alichungulia ndani. Kisha: "Na siku ukianguka humo ndani, Mwalimu, nani atajua?"

Hilo halimo katika maelekezo. Alichukua furushi lake, akaenda kumsalimu Sada. Baadaye Bakary alileta ujumbe: Justa atalala kwao, kesho arudi Newala. Nawasikia wakicheka.

Nimechunguza kosa. Jeshi halikusimamisha nyumba moja, lilisimamisha kambi. Nyumba yangu haina ubaya, ila ni moja mno. Kesho nawaandikia watu wa mradi kuomba ya pili. Bakary aliuliza kama safari hii waje kushika mbavu. Nimekataa, uzoefu sasa ninao.

Mtu hawezi kuchagua penye kitu kimoja. Zikiwa mbili, Justa atachagua ipi?