Bonde la Kuegeshea Pikapu

Jumamosi, 9 Agosti

Hili sijamwambia mtu, hata padri. Siutaki uongozi wa mawindo kwa ajili ya nyama wala pembe. Nautaka kwa sababu kuwinda kwa upinde ndiyo kazi pekee katika ukoo wa Archuleta, labda Colorado nzima, ambayo ndani yake asiyeongea husifiwa.

Baba katangaza mezani leo. Kibali cha kulungu kimetoka. Hatukodi mtu wa kutuonyesha njia, tunakwenda wenyewe kwenye ardhi ya umma. Mimi na binamu yangu Eladio, mtoto wa Amu Wilfredo, kila mmoja alete mpango wake: wapi, lini, upepo ukoje. Mwenye mpango bora ataongoza mwezi ujao. Mwingine atabaki kambini kupika maharage na kukaribisha kila mwindaji anayepita. Kukaribisha! Kuwauliza wametokea wapi!

Eladio akasema, "Fina, wewe hata piza huwezi kuagiza kwa simu. Utamwongoza nani?" Wote wakacheka. Jibu zuri sana nilikuja kulipata nikiosha vyombo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kupeleleza. Kwetu hakuna mwenye akili anayeegesha pale anapowindia, maana pikapu haina siri. Basi nimeiacha Bonde la Chumvi, nikavuka kilima kwa miguu hadi bwawa la Torres. Kilimani nikapotea. Shuleni tunasoma hesabu kwa Kiingereza na jiografia kwa Kihispania, kwa hiyo nina uwezo wa kupotea kwa lugha mbili.

Bwawani kuna alama za kwato tele. Nimefunga kamera kwenye mti. Nimerudi na furaha, kwa njia ambayo siijui.

Jumatano, 13 Agosti

Picha za kamera: mimi naifunga. Mimi naondoka. Mimi nimerudi, nimepotea. Halafu ulimi wa ng'ombe, kwa karibu mno. Kwato zote zile ni za ng'ombe wa Bi Trujillo. Hata hivyo, huenda kulungu wako nyuma ya ng'ombe.

Tena kuna la harufu. Nguo za mawindo nilizifungia kwenye mfuko pamoja na majani ya nyikani yenye harufu kali, zinuke mlima. Mama kauona mfuko, kazifua kwa sabuni ya waridi. Kasema, "Zilinuka beberu, mwanangu. Watu watasema sikulei." Sasa nanuka arusi. Nimezifukia nyuma ya banda la kuku.

Jema moja: niliporudi Bonde la Chumvi nilikuta pikapu ya Eladio ubavuni mwa yangu. Kanifuata, kanasa: anadhani nawinda hapo. Nilicheka, kimyakimya.

Jumapili, 17 Agosti

Chakula cha mchana kwa Bibi. Eladio hakuongea. Mama akamgusa paji la uso, akidhani ana homa.

Baadaye akanivutia nyuma ya lundo la kuni, akanionyesha simu. Dume. Masikio kama ya punda, pembe pana kama mgongo wa kiti, amelala kivulini anatafuna. Nyuma yake, mbali kidogo, pikapu yangu. Kumbe kila siku naegesha, nateremka, nampita.

Akauliza kama nilijua yupo. Nikaitikia kwa kichwa. Sijui kwa nini. Nikiulizwa ghafla huwa nakubali.

Akanikazia macho. "Ulijua, na bado unampita kwenda kule ng'ambo? Basi kule yuko mkubwa zaidi. Usinifanye mjinga, binamu."

Nilitaka kumwambia kule kuna ng'ombe. Maneno yalipofika mdomoni, yeye alikuwa keshaondoka.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimepanda kilimani na darubini. Eladio yuko bwawani, amelala kifudifudi katikati ya ng'ombe, anaandika. Ng'ombe mmoja alikuwa anamlamba kisigino. Hakutikisika.

Kwa hiyo Bonde la Chumvi ni langu. Nikaandika mpango palepale: asubuhi upepo hushuka mlima, basi nitamjia dume kutoka chini asipate harufu yangu. Mpango mzuri. Hata mwandiko ulikuwa mzuri.

Kisha nikaanza kufikiri. Eladio kamwona dume yule kwa macho yake. Kampiga picha. Na bado kamwacha. Mtu haachi dume wa namna ile bure. Ameona kitu bwawani ambacho mimi sikukiona.

Nimeuchana mpango wa bonde.

Jumapili, 24 Agosti

Baba katandaza ramani mezani. Kasema tuweke vidole kwa pamoja. Kidole changu na cha Eladio vikagongana juu ya bwawa la Torres.

Amu Wilfredo akasema, "Hapo si ndipo Bi Trujillo anaponyweshea ng'ombe?"

Eladio akajibu, "Ndivyo kila mtu anavyofikiri, Baba."

Nikaitikia kwa kichwa, kwa hekima.

Baba alivitazama vidole vyetu, kisha nyuso zetu. Mwishowe kasema hawa wawili hawajakubaliana tangu ubatizo, wakikubaliana lazima pana jambo. Tutaongoza pamoja. Yeye na Amu watabaki kambini na maharage. Basi wageni nimewaepuka. Badala yake nitakuwa kichakani na Eladio, siku nzima, akininong'oneza sikioni. Ameshaanza. Leo ni habari za magoti yake.

Limebaki moja, tuegeshe wapi ili watu wasijue tunakowindia. Hilo nimelimaliza mwenyewe: Bonde la Chumvi. Nafasi ni kubwa, kivuli kipo, na hakuna cha maana pale. Ila itabidi tupige honi kidogo tukifika, maana yule dume amezoea kulala palepale pa kuegesha.

Nyayo ngazini. Eladio, anapanda huku anaongea peke yake. Karatasi hii inaingia chini ya godoro.